Karatasi za Ukoo Kigamboni: Namna ya Kuzihifadhi Kidijitali Zisipotee Mara ya Pili

Kigamboni inajengwa upya kwa kasi. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, ardhi ya Kibada, Mjimwema, Gezaulole hadi Kimbiji imepanda bei, na nyumba za miti na udongo zilizojengwa na mababu zinaondolewa kupisha tofali, vigae na mageti ya chuma. Nyumba ikivunjwa, karibu kila kitu hupata mwenyewe. Mabati yanabebwa, vitanda vya kamba vinabebwa, hata fremu ya mlango wa mninga hupata mnunuzi. Kinachokosa mwenyewe ni sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha bibi. Ndani yake mna hati ya mauziano ya shamba la minazi, barua zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu, cheti cha ndoa, kadi ya TANU, stakabadhi za kodi ya kichwa, na picha moja ya studio yenye watu watano ambao wajukuu hawawatambui.

Vijana wengi wanajua la kufanya: toa simu, piga picha, tuma kwenye kundi la ukoo. Nawapongeza kwa moyo huo, ila naomba niwasimamishe kidogo. Picha isiyo na maelezo ni karatasi ile ile iliyohama sanduku. Miaka kumi ijayo itakuwa ndani ya simu iliyokufa, ikiitwa IMG na tarakimu nyingi, na hakuna atakayejua kama yule mwanamke mwenye buibui ni mama mkubwa au ni jirani. Kinachookoa kumbukumbu ni majina, mahali, mwaka na uhusiano wa watu, na hayo yote yamo vichwani mwa wazee wenu walio hai. Kwa hiyo, sanduku likishapewa namba, mpango ninaoueleza hapa unaanza na wazee, kisha karatasi, na kupiga picha kila karatasi kunakuja tatu.

Watu ambao wamejifunza jambo hili kwa gharama kubwa ni Wayahudi. Wametawanyika nchi nyingi, wamefukuzwa mara nyingi, na katika Vita vya Pili vya Dunia waliuawa kwa mamilioni, hivyo kwao daftari la sinagogi au cheti cha ndoa mara nyingine ndicho kitu pekee kinachothibitisha kwamba mtu fulani aliwahi kuishi. Hapa Afrika Mashariki wako wachache: Nairobi wana sinagogi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Lakini mbinu zao za kuokoa karatasi zinatufaa sisi wa ng'ambo hii ya Kivukoni kama zinavyowafaa wao, na nitazirejelea njiani.

Usivunje mpangilio wa sanduku

Katika Cairo ya kale, sehemu iitwayo Fustat, sinagogi ya Ben Ezra ilikuwa na chumba cha kuwekea karatasi chakavu. Wayahudi hawatupi ovyo karatasi yenye jina la Mungu, desturi ambayo Mwislamu wa Mbwamaji anaielewa bila kufafanuliwa, kwani naye hawezi kuvumilia ukurasa wa msahafu ukikanyagwa. Kwa karne nyingi chumba hicho, wanachokiita geniza, kilipokea vitabu vya dini pamoja na mikataba ya ndoa, hesabu za duka, orodha za waliopewa sadaka na barua za wafanyabiashara. Mmoja wao ni Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdia, Tunisia, aliyefanya biashara katika pwani ya Malabar karne ya 12, akitegemea pepo zile zile za kaskazi na kusi zilizoleta majahazi kwetu.

Mwaka 1896 na 1897 msomi Solomon Schechter alihamisha vipande karibu 200,000 kwenda Cambridge. Vingine vilishauzwa kabla yake, vikaishia Oxford, New York, Saint Petersburg na kwingineko. Matokeo yake, nusu ya barua iko mji mmoja na nusu ya pili iko ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyeandika kipande kipi kililala juu ya kipi. Wataalamu wametumia zaidi ya karne moja kuviunganisha, siku hizi kwa kompyuta zinazolinganisha mwandiko na ukubwa wa kurasa, na kazi bado inaendelea.

Sanduku lenu ni dogo, lakini kosa linafanyika vile vile. Kijana analifungua, anatenga picha huku, barua kule, hati za ardhi pale, na kwa dakika chache amefuta ushahidi uliokaa miaka 60. Barua iliyokunjwa ndani ya cheti cha ndoa iliwekwa humo kwa sababu. Huenda ndiyo barua ya posa. Stakabadhi tatu zilizofungwa kwa uzi mmoja zilikuwa za jambo moja. Aliyezifunga ameshafariki, ila uzi wake bado unazungumza.

Kwa hiyo piga picha sanduku likiwa limefungwa, kisha likiwa wazi, kisha kila tabaka unapoliondoa. Chukua penseli laini na kaunta buku. Sanduku la kwanza lipe herufi A, bahasha au fungu la kwanza liwe A1, na karatasi za ndani ziwe A1-01, A1-02 na kuendelea. Namba iandikwe kwa penseli, kwa mkono mwepesi, nyuma ya karatasi pembeni. Karatasi ikiwa dhaifu usiiandike kabisa. Weka kikaratasi chenye namba pamoja nayo. Kalamu ya wino isisogee hapo, kwa sababu wino ukipata unyevu husambaa na kuharibu hata maandishi ya zamani. Ukimaliza fungu moja, lirudishe lilimotoka ndipo ufungue jingine.

Ukikuta hirizi iliyoshonwa, usiifumue. Aliyeishona alitaka ifungwe. Andika tu kwamba ilikuwemo na ilikuwa fungu gani.

Mzee kwanza

Nenda kwa mzee asubuhi akiwa hajachoka, na uende na karatasi zenyewe. Mtu akishika kwa mikono yake cheti alichokiona mara ya mwisho akiwa binti, hukumbuka mambo ambayo kioo cha simu hakiwezi kumkumbusha. Shikamoo kwanza, habari za afya na za nyumbani, kahawa ikiwapo, kisha omba ruhusa ya kurekodi. Weka simu mezani karibu naye, mbali na feni na redio. Kabla hajaanza kusema, wewe taja kwa sauti tarehe, mahali, jina lake na namba ya karatasi: "Leo tuko Mjimwema kwa bibi, tunaangalia A1-07." Bila maneno hayo machache, sauti hiyo nayo itakuwa yatima kama ile picha ya studio.

Usimuulize mwaka. Wazee wetu wengi hawakuyapanga maisha yao kwa tarakimu, na ukiwabana watakutajia mwaka wowote ili wakuridhishe. Uliza: "Bibi, hapo ulikuwa umeshaolewa?" "Mjomba alikuwa hai?" "Ni kabla ya Uhuru au baada yake?" "Mlikuwa mmeshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa?" "Vita ya Kagera ilikuwa imeshapiganwa?" Majibu ya namna hiyo yanaupunguza upana wa miaka hatua kwa hatua, na kila jibu unaweza kulipima kwa jingine. Ukipata kwamba picha ilipigwa baada ya Azimio la Arusha na kabla ya kuhamia kijijini, umeshapata miaka michache tu ya kuchagua, na hiyo inatosha kuandika.

Kwa picha, taja watu kutoka kushoto kwenda kulia, walioketi kwanza, waliosimama baadaye. Uliza ilipigwa wapi, na nani aliyelipia. Uliza pia nani alitakiwa kuwemo na hayumo. Swali hili la mwisho ndilo hufungua habari za ugomvi, safari na misiba ambayo haikuandikwa popote.

Waulize wazee wawili kuhusu karatasi moja, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, andika kauli zote mbili na jina la kila msemaji. Usiwapatanishe wewe. Kazi yako ni kuyapokea yale waliyosema.

Halafu kuna upande wa mama. Hati nyingi za zamani zimeandika fulani bin fulani, na wanawake wanapita humo kama vivuli. Kwa Wazaramo, ambao kwa asili ukoo wao hufuata mama, hilo ni pengo kubwa. Wayahudi nao hurithi Uyahudi wao kwa mama, na watafiti wao wa nasaba wanahangaika vivyo hivyo na wake ambao majina yao ya kuzaliwa yamefunikwa na ya waume. Kila mwanamke anayetajwa apewe mstari wake: jina lake, baba yake, mama yake, na kijiji alikotoka kabla ya kuolewa. Shangazi na mama wadogo ndio wanaoyajua haya. Babu mara nyingi hayajui.

Karatasi zisizosomeka

Sanduku la pwani hukosi kulikuta na khati za Kiarabu. Mara nyingi lugha yenyewe ni Kiswahili, kwani kabla ya skuli za Wajerumani na Waingereza kueneza herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa hivyo, na wazee waliosoma chuoni waliendelea kuandikiana hivyo miaka mingi baadaye. Mpelekee mwalimu wa madrasa, lakini mwambie mapema kwamba ni Kiswahili, maana akitafuta Kiarabu atakwambia haisomeki.

Tahadhari moja: alfabeti hiyo haikuwa na herufi za sauti zetu zote. Herufi be iliandikia b, p na mb. Fe iliandikia f na v. Ghaini ilibeba gh, g na hata ng. Jina ulilosomewa "Bazi" laweza kuwa Pazi, na ukilikosea umeupeleka ukoo mzima pengine. Andika namna zote mbili, weka alama ya kuuliza, na usubiri mzee anayelijua jina hilo kwa masikio yake.

Tarehe za Hijria ziandike kama zilivyo, kisha ongeza za Miladi. Mwaka 1342 Hijria, kwa mfano, ulianza Agosti 1923 ukaisha karibu na mwanzo wa Agosti 1924, kwa hiyo utaandika "1342H (1923–24)", na si mwaka mmoja tu wa kubahatisha. Karatasi isiyo na tarehe bado ina dalili. Bei ikiwa ya rupia, hati inaelekea kuwa ya kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ikitaja heleri, ni ya karne ya 20 chini ya Wajerumani. Stempu yenye sura ya mfalme au malkia wa Uingereza inakupa kipindi cha utawala wake, na jina Tanganyika peke yake linakwambia kwamba Muungano wa 1964 ulikuwa haujafika.

Mikono, ukungu na plastiki

Nikiruhusiwa kukataza jambo moja tu, nitakataza kulamineti. Kila kona ya Kigamboni kuna steshenari yenye mashine hiyo, na watu wanaipelekea vyeti vyao vya zamani kwa nia njema kabisa. Mashine inayeyusha plastiki kwa joto kali na kuigandisha kwenye karatasi pande zote mbili. Haibanduki tena bila kuchana. Unyevu uliokuwa ndani unafungiwa humo humo, mihuri ya zamani inaweza kuvuja, na kioo cha plastiki kinarudisha mwanga usoni mwa kamera. Cheti kipya chenye nakala yake serikalini, fanya utakavyo. Hati ya babu, kataa, hata mwenye duka akikuapia.

Seloteipu nayo ni adui: gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kuila karatasi. Pini za stepla zilizoota kutu ziondoe polepole kwa ncha ya kisu butu, ukiinua miguu yake nyuma, usizivute. Osha mikono na uikaushe vizuri. Mafuta ya nazi na vidole vyenye pilau visikaribie.

Hewa ya bahari hapa kwetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na wakati wa masika ukungu hukua kwenye karatasi kwa siku chache. Ukiona madoa yenye vumbi la kijani au jeusi, vaa barakoa, peleka karatasi mahali penye kivuli na upepo mwepesi zikauke, kisha futa kwa brashi laini ukielekeza vumbi mbali nawe. Usizianike juani. Jua hula wino. Na hamisha karatasi zote kutoka kwenye mifuko ya plastiki, kwa sababu mfuko unatunza jasho la karatasi ndani. Bahasha ya kaki au kitambaa cha pamba kilichofuliwa kinatosha.

Sasa toa simu

Huhitaji mashine ya bei. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli kama 4,000 kwa 3,000. Ukijaza kioo vizuri kwa karatasi ya ukubwa wa A4, unapata zaidi ya nukta 300 kwa kila inchi, kiwango kinachokubalika kwa maandishi. Picha ndogo za pasipoti na za studio zinataka nukta 600, kwa hiyo hizo zipigwe kwa karibu zaidi au zipelekwe kwenye skana ya kulaza. Skana ya kuvuta karatasi kwa magurudumu iepuke kabisa kwa kitu chochote cha zamani.

Kaa barazani kwenye kivuli au kando ya dirisha, asubuhi au alasiri, mwanga ukitokea ubavuni. Zima flashi. Tandika kitambaa cheusi kisichong'aa, weka karatasi juu yake, weka rula kando ili ukubwa ujulikane, na kikaratasi chenye namba kionekane pembeni ya picha. Simu iwe sambamba na karatasi. Ukiiinamisha, mistari ya juu itakuwa midogo kuliko ya chini. Rundo la vitabu pande mbili na kipande cha kioo safi au ubao uliotobolewa juu yake vinakupa stendi imara, na mikono haitatetemeka. Kila karatasi ipigwe mbele na nyuma hata kama nyuma hakuna kitu, kwani mara nyingi nyuma ndiko kwenye mhuri wa posta au hesabu ya deni. Bahasha nayo ipigwe.

Kitabu usikilaze kwa nguvu hadi mgongo uvunjike. Kunja kanga mbili, uziweke chini ya majalada, kifunguke kiasi kinachokubali. Kama ni msahafu wa familia au kitabu cha maulidi chenye tarehe za vizazi zilizoandikwa kwenye kurasa za mwanzo, anza na kurasa hizo.

Zile programu za simu zinazogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kali zinapendeza kwa kazi za ofisini, lakini hapa zinafuta penseli iliyofifia na rangi ya muhuri. Tunza picha halisi yenye rangi. Ukitaka nakala nyepesi ya kusoma, itengeneze baadaye kutoka kwenye ile halisi, isiwe mahali pake. Kwa hesabu ya nafasi: ukurasa mmoja wa A4 wenye rangi kwa nukta 300, uliohifadhiwa kwa muundo wa TIFF bila kubanwa, ni kama megabaiti 26. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 26. Simu nyingi zitakupa JPEG ya megabaiti chache tu, na kwa familia nyingi hiyo inafaa, ilimradi usiihariri na kuihifadhi upya mara nyingi, maana kila mara inapoteza kidogo.

Majina ya mafaili na daftari la majina

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufa. Faili lipewe jina linaloeleweka na mtu asiyekujua: mwaka, mahali, aina, namba. Kwa mfano: 1958_mbwamaji_mauziano-shamba_A1-07_mbele. Ukianza na mwaka, kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano. Mwaka usipojulikana, andika miaka ya makadirio, kama 1960-70.

Kisha tengeneza jedwali, kwenye kompyuta au kwenye kaunta buku ile ile. Kila karatasi iwe na mstari wenye namba, aina, mwaka, watu wote wanaotajwa, uhusiano wao, mashahidi, aliyesimulia na tarehe aliyosimulia. Mashahidi wasiachwe. Jirani aliyeweka dole gumba kwenye hati ya shamba mwaka 1958 anaweza kuwa babu wa mtu anayehangaika kumtafuta leo.

Mahali paandikwe mara mbili, kama palivyoandikwa na kama panavyoitwa sasa. Shamba lile lile laweza kuwa wilaya ya Mzizima kwenye karatasi ya zamani, Temeke kwenye ya baadaye, na leo liko Kigamboni. Mjukuu atakayetafuta neno Kigamboni tu hataliona.

Wayahudi walifika mbali kwa sababu ya jedwali la namna hii. Mradi wa Jewish Records Indexing–Poland, ulioanza mwaka 1995, uliwakusanya watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali kuorodhesha majina yaliyomo kwenye vitabu vya vizazi, ndoa na vifo vilivyobaki Poland. Vitabu vilikuwepo miaka yote. Vilipopata orodha ya majina ndipo mtu wa Buenos Aires au Johannesburg alipoweza kumpata babu yake. Walikuta pia jina moja limeandikwa namna kumi, kwa Kirusi, Kipolandi na Kijerumani, na mwaka 1985 Randy Daitch na Gary Mokotoff walikuwa wameshabuni njia ya kuyaweka pamoja majina yanayosikika sawa. Sisi hatuhitaji fomula yao. Tunahitaji safu moja zaidi kwenye jedwali: jina kama lilivyoandikwa, na kando yake jina la kutafutia, lenye tahajia moja mliyokubaliana. Athumani, Othman na Uthman wawe mahali pamoja. Aisha na Asha, Khadija na Hadija, Abdallah na Abdala vivyo hivyo.

Nakala ngapi, na wapi

Katika ghetto ya Warsaw, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri karatasi za maisha ya Wayahudi waliokuwa wakisubiri kuuawa. Walizifukia ardhini sehemu sehemu. Ya kwanza ilifukiwa mwaka 1942 kwenye masanduku ya bati, ya pili mwanzoni mwa 1943 kwenye madumu ya chuma ya maziwa. Mwaka 1946 masanduku yalipochimbuliwa, maji yalikuwa yameingia na kuharibu kurasa nyingi. Madumu yaliyopatikana mwaka 1950 yalikuwa yametunza zaidi. Sehemu ya tatu haijapatikana mpaka leo. Na hata ile ya kwanza ilipatikana kwa sababu Hersz Wasser, katibu wa kundi hilo, alinusurika na kukumbuka mahali ilipofukiwa.

Mnapogawa nakala zenu, kumbukeni sehemu zile tatu. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye diski ya nje iliyonunuliwa kwa kazi hiyo tu, moja mbali na Dar es Salaam kabisa. Kama mna ndugu Unguja, Muscat au Toronto, apelekewe diski kwa mkono. Hifadhi ya mtandaoni nayo inafaa; Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ambazo zinatosha picha nyingi za JPEG. Neno la siri lisiwe kwa mtu mmoja. Watu watatu wa vizazi tofauti wajue nakala ziko wapi na namna ya kuzifungua, na iandikwe kwenye karatasi, kwa wino unaosomeka, iwekwe pamoja na hati za nyumba.

Flashi iliyonunuliwa mitaani ijaribiwe kabla ya kuaminiwa: ijaze mafaili mpaka mwisho, ichomoe, ichomeke tena, ufungue yale ya mwishomwisho. Zipo zinazodai gigabaiti 64 na hazifiki hata nusu. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti, si kama picha. Ikitumwa kama picha inabanwa, na maandishi madogo ya mhuri yanageuka ukungu.

Yasiyo ya kundi la ukoo

Si kila kilichopigwa picha kinapaswa kuonwa na kila mtu. Sanduku hutoa talaka, madeni, mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, hati ya uhuru ya mtu aliyekuwa mtumwa. Pwani yetu ina familia ambazo bado zinaumizwa na neno moja kwenye karatasi ya mwaka 1900. Habari hizo zisifutwe na zisichanwe. Ni za ukoo kama zilivyo nyingine. Zitiwe alama kwenye jedwali, na wazee wakae waamue nani azione na lini. Poland imeweka kipimo ambacho naona ni cha busara: vitabu vya vizazi hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, vya ndoa na vifo baada ya 80. Mnaweza kuanzia hapo.

Orodha ya watu pia inaweza kuwa silaha mikononi mwa mwovu. Rejesta za wakazi wa Uholanzi, zilizoandika dini ya kila mtu, ziliwasaidia Wanazi kuwapata Wayahudi, hadi wapinzani wakaishambulia ofisi ya rejesta ya Amsterdam tarehe 27 Machi 1943 ili kuiteketeza. Anwani, namba za simu, namba za vitambulisho na ramani za viwanja vya watu walio hai zisiwekwe mtandaoni. Hati za ardhi hasa, kwa jinsi mashamba ya Kigamboni yanavyogombaniwa, zibaki mikononi mwa wenyewe. Ukoo au msikiti unaotaka kufungua kumbukumbu zake kwa umma uisome kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Karatasi zenyewe

Kuwa na picha hakukupi ruhusa ya kuchoma karatasi. Mahakama kwenye kesi ya mirathi itataka hati halisi au nakala iliyothibitishwa, na picha ya simu haitakusaidia sana. Rudisha kila fungu kwenye bahasha yake, bahasha kwenye sanduku, sanduku juu ya rafu iliyo mbali na ukuta unaovuja na mbali na sakafu, kwa sababu mchwa hupanda kutoka chini. Lifungue mara kwa mara lipate hewa, hasa masika yakiisha.

Kama ni karatasi za msikiti, chuo au kanisa, msizihamishe bila makubaliano ya jumuiya. Huko Lamu, maandiko ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanzishwa mwaka 2004, na sharti mojawapo la mpango huo ni kwamba karatasi halisi haziondoki nchini. Atakayekuja na ahadi ya kuzipeleka nje kuzitengeneza, mkatalieni kwa adabu. Ushauri mnaweza kuupata karibu: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo chini ya sheria ya mwaka 2002, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J.W.T. Allen aliiorodhesha katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Vijana wawili wa ukoo wakipanda feri kwenda kuona jinsi miswada ile inavyofungwa, kupewa namba na kuelezwa, watarudi na mafunzo mengi kuliko haya yangu.

Chagueni watunzaji wawili, mmoja awe chini ya miaka 30. Kila mwaka ukoo unapokutana kwa khitma au Idi, wafungue diski zote tatu mbele ya watu, wajaribu mafaili kadhaa ya kila fungu, na kila baada ya miaka kama mitano wahamishie yote kwenye diski mpya kabla ya ile ya zamani kugoma. Picha ambazo bado hazina majina wazichapishe kubwa, kwa ukubwa wa karatasi nzima ili macho ya wazee yasihangaike, na wazipeleke hapo hapo pamoja na jedwali na penseli.